Kiganja cha Vumbi

Utara alirudi nyumbani akamfuma fundi Tirava nyuma ya nyumba, amechutama, anakwangua udongo kwa kisu na kuutia kwenye kifuko. Alipoulizwa, fundi alisema anatafuta patasi yake iliyodondoka. Patasi gani, na hiyo hapo kaichomeka kiunoni?

Tangu siku hiyo Utara hakuwa na amani. Bamba la jiwe alilokuwa akilichonga Tirava, la kubandikwa kwenye stupa, kile kilima cha ibada wanachokizunguka waumini, lilikuwa sadaka ya mwanawe Rohana, aliyechukuliwa na homa hajatimiza miaka mitano, ili thawabu imfuate mtoto huko aliko. Lilionyesha kile kisa cha mtoto aliyekuwa akicheza njiani, akamtilia Buddha vumbi bakulini na kusema ni unga. Sadaka yenye hila haimfikii marehemu. Tena udongo wa nyumba ya msiba, nani hajui wachawi wanaufanyia nini?

Jirani yake Sivasena akazidi kutia chumvi. "Anauchanganya kwenye chokaa yako ya kulipaka jiwe, dada, apate kubaki na iliyo safi. Mvua moja tu, mtoto kabanduka kwenye stupa, watu wanaozunguka wanamkanyaga."

Asubuhi ya kulipandisha jiwe, Utara aliingia karakana bila hodi. Tirava alikuwa ameliinamia bamba, kifuko wazi mkononi.

"Leo nimekukamata," Utara alisema. "Huoni haya, kumdhulumu hata marehemu?"

Tirava alisogea pembeni ili naye aone. Chokaa ilikuwa nyeupe safi pembe hadi pembe, isipokuwa kiganja cha yule mtoto aliyechongwa. Hapo palikuwa na udongo mwekundu wa uani kwa Utara.

"Rohana alikuwa ananiletea huu kila siku," fundi alisema. "'Unga huo, baba mdogo, kapike.' Namwambia asante, akigeuka tu naumwaga. Siku ile ya mwisho nilikuwa na haraka. Nikausukuma mkono wake, ukamwagika wote. Kesho yake hakuja."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningeanzia wapi, mama Rohana?"

Utara alikasirika, tena sana, na hakujua hasira aipeleke kwa nani. Aliketi kando ya jiwe akakitazama kile kiganja. Kisha akakichukua kile kifuko.

"Umeweka kidogo," alisema. "Mwanangu hakuwa mtu wa kutoa nusu kiganja."