Njia ya Wageni wa Heshima

Mara ya kwanza Mzee Marumaru alipoufuta mteremko kwenye ramani kwa kalamu nyekundu, Rula alinyamaza. Mara ya pili alimeza mate. Mara ya tatu hakukusudia kumpa nafasi ya kuishika hiyo kalamu, na hapo ndipo uongo ulipoanza. Tena haukuwa uongo wa kubahatisha, ulikuwa uongo wenye vipimo.

Rula ni jina la ofisini. Alikuwa mchora ramani katika ofisi ya msanifu majengo mmoja mwoga ajabu, na rula yake fupi haikumtoka mkobani hata akienda harusini. Mzee Marumaru naye ndiye aliyekuwa na kiwanja pale kona ya soko, akijengewa jengo la ghorofa nne, maduka chini, ofisi juu. Jina hilo mafundi walimpa kwa sababu hakuna alichokiona asitamani kukivika marumaru. Angeachiwa, hata mtaro angeuvika. Mbele ya jengo alitaka ngazi tano, pana, watu wapande kuja kwake kwa adabu. Mteremko wa kiti cha magurudumu aliuita kijia cha toroli. Alipochorewa mwingine wa nyuma, akasema unakula nafasi ya gari lake.

Huo wa nyuma hata Dada aliukataa. Dada yake Rula, aliyemzidi miaka sita, alikuwa fundi cherehani, na tangu ajali ya miaka tisa nyuma alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Kanyagio la cherehani yake ya umeme lilifungwa mezani, akilibonyeza kwa kiwiko, na mshono wake hakuna wa kuufikia. Alishonea barazani nyumbani kwao. Wingu likitanda tu, vitambaa vya watu vinakunjwa mbio mbio. Duka namba tatu la jengo lile alikuwa ameliota mpaka akajua kabati litakaa wapi. Lakini alipoonyeshwa njia ya nyuma aliuliza kwa nini wateja wake wapite mbele na yeye apite na mapipa ya taka.

Na habari ya kubebwa ilikuwa imekwisha zamani. Mwaka ule wa ajali, wanaume wawili walimnyanyua kwenye ngazi za benki, gauni likapanda, na foleni nzima ikageukia ukutani kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliyomchoma. Dada akala kiapo: mahali asipoweza kuingia mwenyewe, haingii.

Basi Rula akaketi na ramani ya tatu. Mteremko akaurudisha mbele, palepale kando ya ngazi, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: NJIA YA WAGENI WA HESHIMA.

Bosi wake alipoona alitaka kuficha ramani chini ya meza. Rula akamwambia aketi, anywe maji, amwachie yeye mdomo. Mzee Marumaru alipofika na kalamu yake, Rula alimvika kilemba cha ukoka ambacho hajapata kuvikwa mtu katika ofisi ile. Alimweleza kwamba wakubwa wa siku hizi hawapandi ngazi. Kupanda ngazi ni kuhema, na mkubwa haonekani akihema. Mkubwa hushuka garini, akapaa taratibu, bila goti kukunjika, watu wakitazama.

Mzee aliuliza mbona ndefu hivyo, mita tisa. Rula hakupepesa. Ngazi tano za sentimita kumi na tano kila moja ni sentimita sabini na tano, na kila kimo kinadai urefu wake mara kumi na mbili. Ukifupisha, mgeni wako atapanda ameinama kama mbeba kuni. Hilo lilikuwa kweli, ila kwa mtu mwingine. Na upana wa mita moja na nusu? Wakubwa wawili waende sambamba, asiwepo wa kumfuata mwenzake. Na hapo katikati palipo tambarare? Pa kusimama wapigwe picha. Na vyuma vya kushikia pande zote mbili? Ah, mzee, mkubwa lazima awe na mahali pa kuweka mkono picha ikipigwa.

Jamani, mtu akishaanza kudanganywa kwa raha yake, humsimamishi. Mzee Marumaru akawa anauliza mwenyewe heshima nyingine ziko wapi. Rula akampa mlango mpana usio na kizingiti. Akampa choo ambacho kiti cha magurudumu kingeweza kuzunguka ndani yake, akasema mgeni wa heshima habanwi na kuta. Vitufe vya lifti akavishusha hadi usawa wa kiuno, kwa kuwa mkubwa hanyanyui mkono kubonyeza. Vita ilikuwa moja tu, Mzee alipotaka njia yote iwe ya marumaru inayong'aa. Rula alimwona Dada akilini mwake akiteleza kinyumenyume hadi barabarani, roho ikamruka. Akasema kung'aa ni kwa maduka ya viatu. Wenye uwezo siku hizi wanakanyaga jiwe lililokwaruzwa. Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akilijua hilo siku zote, akatia saini.

Jengo likachukua miezi kumi na minne. Rula alikwenda kila wiki na rula yake kupima mteremko, na mafundi wakamcheka kwamba ameposwa na zege. Dada akaandikishwa duka namba tatu. Sharti lilikuwa wapangaji wote waje siku ya uzinduzi, watie saini na kuchukua ufunguo ofisini kwa Mzee, ndani, kabla ya saa sita mchana. Asiyetokea, nafasi yake inakwenda kwa anayefuata, na waliosubiri walikuwa lukuki.

Siku hiyo walifika saa tano na nusu. Dada alikuwa amevaa gauni la kijani alilojishonea kwa wiki tatu. Rula alikuwa akitabasamu peke yake njia nzima, maana alijiona mjanja wa wajanja. Kisha akaona kamba.

Ilikuwa kamba nene nyekundu, imefungwa mwanzoni mwa mteremko, na mlinzi mwenye kofia amesimama nayo. Mlinzi hakuwa mbaya. Alieleza kwa upole kwamba njia hii ni ya wageni wa heshima tu, amri ya mwenye jengo, hata yeye haigusi. Ila Dada asijali, angeita wenzake wawili wambebe kwenye ngazi, mara moja tu, hata hatasikia.

Tabasamu la Rula likazimika. Uongo wake ulikuwa umesimama mlangoni na kofia, ukimfukuza dada yake. Aibu ikampanda hadi masikioni, na kwa kuwa hakuwa na dawa nyingine akarudia ileile: akaanza kumwambia mlinzi kwamba huyu bibi ni mgeni mkubwa sana, ametoka mbali.

"Nyamaza," Dada akamwambia. Hakusema kwa ukali, lakini Rula alinyamaza.

Mzee Marumaru aliwaona kutoka kundi la wageni wake, akaja na suti yake, na wageni wakamfuata nyuma. Dada akamsalimia shikamoo vizuri, kisha akamuuliza hii njia imejengewa nani. Lo, aliulizwa alichokuwa akisubiri kuulizwa. Akayamwaga yote mbele za watu, goti lisilokunjika, wakubwa wawili sambamba, picha, mkono wa kwenye picha, hakuacha hata moja. Rula alitamani ardhi ipasuke.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshika chuma cha pembeni, akikipima kwa kiganja.

"Mzee, mimi ni fundi wa nguo," akasema. "Nguo ikivaliwa, najua ilipimwa kwa mwili wa nani. Hii ilipimwa kwa mwili wangu."

Mzee akamgeukia Rula. Wageni nao wakamgeukia.

"Ni kweli?"

Rula angeweza kusema hapana. Uongo mwingine ulikuwa tayari ulimini, mzuri tu. Lakini aliutazama uso wa Dada, akaona huo nao ungegeuka kamba ya kumfungia njia.

"Ni kweli, Mzee. Kila sentimita. Niliogopa utaifuta tena, nikakudanganya. Ukitaka, nifukuzishe kazi, lakini hiyo njia ni yake."

Mzee Marumaru alitazama mteremko, akautazama mlango mpana, akahesabu kichwani kila alichojisifia.

"Na mimi je? Ulinichorea nini?"

"Ngazi, Mzee. Uliziomba mwenyewe."

Mgeni mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mzee akaifungua ile kamba kwa mkono wake, na kwa kuwa watu walikuwa wakitazama, akazunguka nyuma ya kiti amsukume. Dada akavuta breki. Alimsubiri mpaka alipoondoa mikono, ndipo akaiachia, akaanza kupanda.

Alipanda bila haraka, mikono yake miwili kwenye magurudumu, gauni la kijani limetulia magotini, na hakuna aliyegeukia ukutani. Rula alilia bila kujificha. Mzee alibaki chini akihangaika na kamba, hajui aiweke wapi. Mwishoni akaiangushia mikononi mwa mlinzi, akazipanda ngazi zake, moja baada ya nyingine, kwa pumzi za mtu mnene. Alipofika juu alikuta Dada ameshafika, amegeuza kiti, amekaa katikati ya ule mlango.

"Karibu, Mzee," akamwambia. "Ufunguo wangu tafadhali, saa sita inakaribia."