Mti wa Tisa

Kuku nilimwongeza mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi, na nikiliacha mpaka mwisho nitatafuta njia ya kulikwepa.

Mengine niliyoyasimulia niliyaona kweli. Miaka mitatu iliyopita nilidamka kwenda mtoni kabla wenzangu hawajaamka, nikamkuta mzee Sijaona amesimama majini, maji yakimfika mapajani, kifua wazi, anainama, anapapasa kitu chini ya maji huku akikisemesha kwa sauti ya chini. Nilirudi nyumbani na ndoo tupu. Asubuhi ile tulikuwa tunatwanga mpunga kwa Zuena, jirani yangu, na mdomo wangu hauna breki, hilo wote wanalijua. Nikasema nimemwona Sijaona anaongea na mamba wake. Wanawake wakasimamisha michi. Nilipoona wamenitolea macho vile, nikaongeza kuwa alimtupia mamba kuku mweupe, na maji yakachafuka.

Sijaona alikuwa rahisi kusemwa. Aliishi peke yake nyuma ya shamba la mwisho la mpunga, mbali na kitongoji chetu kilicho nje kidogo ya Mohoro. Msikitini aliswali safu ya nyuma na kutoka kabla watu hawajapeana mikono. Ukimsalimu aliitikia kwa kuinua kidole. Mkewe Habiba alichukuliwa na mamba palepale tunapochota maji, zamani, kabla ya kizimba, na tangu hapo wapo waliosema alimtoa kafara mwenyewe ili avune sana. Mpunga wake ulikuwa mbovu kuliko wa sisi sote, lakini hilo halikumsumbua mtu.

Kizimba ni uzio wa miti iliyochomekwa mtoni kuzunguka pa kuchotea maji, ili mamba asipite. Kisima cha pampu kilijaa tope wakati wa mafuriko na hatuna maji mengine. Miti inaoza, viboko wanaigonga, kwa hiyo tulipanga zamu: kila wiki wanaume wa nyumba moja wanakagua na kubadilisha iliyolegea. Zamu yetu ikifika, mume wangu Bushiri alikuwa akiondoka na panga begani na kurudi adhuhuri akilalamika mgongo. Nilikuwa namkanda. Miaka yote hiyo kizimba kilikuwa imara, na mimi nilijivunia wanaume wetu.

Halafu ikaja Jumanne moja: mti mmoja wa kizimba ulikuwa umekatikia chini ya maji na hakuna aliyejua. Muzdalifa, binti wa Zuena, mtoto wa miaka kumi, aliingia na ndoo yake. Mamba akamshika mguu. Tulikuwa wanawake wanne. Wawili tulimvuta mikono, wawili walipiga maji na ndoo na kupiga kila walichokiona, mpaka akaachia. Bodaboda iliyompeleka hospitali iliondoka na mama yake nyuma amempakata, damu ikidondoka njia nzima.

Haikufika saa nne wanaume walikuwa wamejaa uani kwa Abdulswamadu, mjomba wa mtoto, ambaye ndiye aliyemlea. Alikuwa na dumu la petroli miguuni.

"Wiki mbili Sijaona hajaonekana," alisema. "Ijumaa mbili hajaja kuswali. Leo mamba kaingia ndani ya kizimba. Nyie mnahitaji kuambiwa nini tena?"

"Na kuku wake," mwingine akadakia. "Mama Ashrafu si alimwona kwa macho yake?"

Wakanigeukia wote. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa na damu ya mtoto hadi kwenye viwiko, hasira imenipanda, na wakati ule, Mungu anisamehe, hata mimi nilishamwamini yule kuku.

Walisema wanawake tubaki. Mimi si wa kuambiwa nibaki. Wao walifuata njia kubwa wakikusanya wenzao, mimi nikakatisha katikati ya mpunga, matope yakinifika magotini. Nilitaka niwe wa kwanza kumwambia Sijaona usoni kuwa nilimjua kabla ya wote.

Nikapiga hodi kwa mguu. Pembeni ya mlango kulikuwa na miti ya mikoko imelazwa vizuri, kama ishirini hivi, imemenywa magome na kuchongwa ncha. Juu yake kulikuwa na vipande vya nyavu chakavu za kijani, vimesokotwa kuwa kamba.

Nilizijua kamba zile. Kila asubuhi nikiinama kuzamisha ndoo, mafundo ya kijani yalikuwa mbele ya uso wangu, yamekazwa kwenye miti ya kizimba. Nyumbani kwetu hatuna wavu. Bushiri hajawahi kuwa na wavu. Sikuwahi kujiuliza.

Nikasukuma mlango. Ndani Sijaona alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imepasuka kwa homa. Kulikuwa na kikombe cha maji ambacho hakukifikia.

"Nani?" aliuliza.

"Mama Ashrafu."

"Mwanangu. Mti wa tisa umeshika?"

Sikuelewa, au sikutaka kuelewa. Akaendelea kwa shida. "Niliuacha umelegea. Nilisema kesho nitarudi nao mpya, homa ikanilaza. Waambie watoto wasisimame upande ule. Habiba alikuwa anapenda kusimama pale, maji ni safi."

Kisha mkono wake ukaanza kutembea juu ya mkeka, unapapasa, unasogea kidogo, unapapasa tena. "Wa kwanza," alinong'ona. "Wa pili. Wa tatu huyu." Ilikuwa sauti ileile. Mtu anayekagua miti chini ya maji machafu haoni, anashika mmoja mmoja na kuhesabu asiruke.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimnywesha maji, mengi yakamwagikia shingoni, na kabla sijaweka kikombe chini nikasikia sauti za wanaume.

Nilitoka nikasimama mlangoni. Walikuwa zaidi ya thelathini. Abdulswamadu alikuwa mbele, kifuniko cha dumu tayari kiko mkononi.

"Toka hapo, dada."

"Nina swali moja."

"Maswali baadaye."

"Shemeji Abdulatifu," nikamwita aliyekuwa karibu yake. "Wiki iliyopita ilikuwa zamu yako kizimbani. Ulibadilisha miti mingapi?"

Abdulatifu akamtazama Abdulswamadu. "Nilikuwa na shughuli. Nilipita nikaona kizimba kizima, nikajua wa wiki ya nyuma kafanya."

"Wa wiki ya nyuma ni nani?"

Nikawataja mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, maana orodha ya zamu sisi wanawake ndio tunaikumbuka. Kila niliyemtaja aliangalia pembeni. Huyu alipita akakuta kizima. Yule alimwachia mdogo wake, na mdogo wake alidhani kaka kakwenda. Harufu ya petroli ilinikaba, maana Abdulswamadu alikuwa ameanza kumwaga kwenye ukuta wa kulia bila kunisikiliza, na ilikuwa imeanza kunirukia kwenye kanga.

"Baba Ashrafu," nikasema. "Wewe umebadilisha mti gani?"

Bushiri alikuwa safu ya tatu. Nimeishi naye miaka kumi na tisa na ninajua uso wake akitaka kudanganya. Aliinua kidevu, akafungua mdomo, kisha akaona ile miti imelazwa pembeni ya mlango, na kamba za kijani juu yake.

"Hata mmoja," akasema. "Nilikuwa nakwenda kucheza bao."

"Basi ni nani?" nikauliza. "Miaka yote hii, ni nani? Yumo humu ndani, ana homa wiki mbili. Wiki mbili hajaingia mtoni, na ndizo hizohizo wiki mbili mti umekatika."

Dumu likasimama. Nilidhani yameisha. Lakini Abdulswamadu hakuwa mjinga, na mtoto aliyekuwa hospitali alikuwa wake.

"Nitaamini vipi?" alisema. "Ulituambia wewe mwenyewe. Mtu anayefunga kamba halishi mamba kuku."

Hapo ndipo nilipojua bei ya kuku wangu. Ningeweza kusema sikuona vizuri, kulikuwa na kiza, labda ni kitu kingine. Nyuma yangu mzee alikuwa amefika mti wa saba, na nilimsikia.

"Kuku hakuwapo," nikasema. "Nilimtunga ili mnisikilize."

Abdulswamadu alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na sitaki tena. Kisha akafunga kifuniko, akatema mate pembeni, akaondoka peke yake akikatisha katikati ya mpunga wa watu. Mpaka leo hajajibu salamu yangu.

Waliobaki walimlaza Sijaona juu ya kitanda chake cha kamba, wakambeba mpaka barabarani. Bushiri alishika mguu wa mbele wa kitanda. Hakuna aliyemwomba msamaha mzee, sijui kwa aibu au kwa sababu hakuwa na fahamu. Alipopona, mpwa wake Huseni alikuja akamchukua kwenda kuishi naye Mtunda, na kibanda kimebaki na doa la petroli upande wa kulia. Nilimfuata huko mara moja na kilo mbili za mchele. Aliinua kidole. Akaniuliza mti wa tisa, nikamwambia umeshika, akarudi kuangalia barabara.

Muzdalifa anatembea, mguu mmoja anauburuta kidogo.

Zamu zimepangwa upya na wanaume wanakwenda, kwa sasa. Mimi siwaamini. Kila Alhamisi alfajiri naingia mwenyewe, nimejifunga kanga, natetemeka kwa baridi na kwa woga, naupapasa kila mti chini ya maji. Nimejaribu kuhesabu kimoyomoyo, napotea. Kwa hiyo nahesabu kwa sauti.

Alhamisi iliyopita nilisikia kitu kikianguka nyuma yangu. Watoto watatu walikuwa wamesimama ukingoni na ndoo zao, moja imewadondoka. Mkubwa wao aliwashika wenzake mikono akiwavuta nyuma.

"Anawaita mamba wake," aliwanong'oneza. "Msimwangalie."

Nikageuka niwafokee, niwaulize ni nani aliyewafundisha upuuzi ule. Mdomo wangu, kwa mara ya kwanza, ukapata breki. Nikarudisha mkono majini, nikatafuta mti wa tisa.