Quarles Chini ya Goli

Ngumi ya kwanza ilimkuta Royce Tackett kikombe cha kahawa kikiwa bado mdomoni. Kikombe kilipasuka, kahawa ikamwagika kifuani, na mdomo wa juu ukachanika karibu kufika puani. Maskini, hakuwa amemtukana mtu. Alikuwa ndiyo kwanza amefungua gereji yake ya matairi, theluji imejaa mpaka magotini nje, na shemeji yake Lowell Haskins akaingia bila hata salamu.

"Nani kakuruhusu kumgusa Quarles?" Lowell akafoka. "Nani, wewe mbwa?"

Royce akatema damu. "Shemeji, umerukwa na akili? Asubuhi yote hii!"

Asiyewajua wawili hawa angedhani Quarles ni mtoto wa mtu. Wapi! Thaddeus Quarles hakuwa na mama wala baba, alizaliwa na kompyuta. Lowell na Royce walikuwa na timu yao ya mpira wa kikapu mtandaoni, ule mchezo wa umeneja ambao wewe hurushi mpira hata mara moja, unanunua wachezaji, unapanga kikosi, na juu ya yote unachagua mazoezi. Mazoezi ndiyo roho ya mchezo wenyewe. Kila wiki unachagua ujuzi mmoja tu: kudunda mpira, au pasi, au kurusha kwa mbali, au kudaka mipira inayorudi chini ya goli. Ijumaa saa tano asubuhi kompyuta inafundisha, na ikishafundisha imefundisha, huwezi kuirudisha nyuma. Jimbo zima la Indiana lina wazimu wa mpira huo, lakini wa hawa mashemeji ulikuwa umepitiliza.

Na Quarles alikuwa lulu. Miaka kumi na tisa, urefu futi saba, kipaji ambacho meneja anaweza kucheza mpaka azeeke asikipate. Shida ni kwamba mchezaji mrefu hivyo anajifunza kudunda mpira polepole mno, na usipomwanzisha akiwa kijana, basi tena. Lowell alitaka msimu mzima wa kudunda na pasi, hata kama watafungwa kila wiki. Royce alikubali, wakapeana mikono. Leo, Ijumaa asubuhi, Lowell, aliyekuwa akimwachia Royce kazi ya kila wiki, kafungua timu, anakuta kudunda kwa Quarles kuko palepale, halafu kudaka mipira chini ya goli kumepanda kwa wiki kadhaa mfululizo. Kumbe Royce alikuwa akibadilisha mazoezi kimyakimya kila Ijumaa. Juu ya hayo, kabadilisha na neno la siri la kupangia mazoezi, ili Lowell aone tu, asiweze kugusa kitu.

"Tunashuka daraja, bwana!" Royce akasema, kiganja kimefunika mdomo. "Umeona msimamo? Tunashika mkia! Kijana futi saba unamfundisha kudunda mpira, ili iweje? Mweke chini ya goli adake, tupone."

"Nipe neno la siri. Bado saa tano haijafika."

"Sikupi."

Lowell akampiga tena, safari hii ya sikio.

Nitawaambia kwa nini, maana mtamwona kichaa. Lowell alipokuwa na miaka kumi na minne aliwapita walimu wake kwa kimo. Kocha wa shule alikuwa mzee Tackett, baba yake Royce, sasa marehemu. Mzee yule alimsimamisha Lowell chini ya goli na kumpiga marufuku kudunda mpira, hata mara moja. Kila jioni aliwapanga wenzake wamrukie na kumpiga viwiko vya mbavu na vya meno mpaka azoee. Lowell alivunjwa pua mazoezini, akarudishwa uwanjani na pamba puani. Halafu akaacha kurefuka. Akamaliza shule akiwa mfupi mno kwa kazi ya chini ya goli, na hawezi kudunda mpira kutoka hapa mpaka mlangoni. Hakuna chuo kilichomtaka. Leo anafunga matairi kwenye gereji ya mtoto wa kocha, na hakuna siku inayopita jambo hilo lisimuume.

Royce naye hakuwa mtu wa kupigwa akanyamaza. Alirudi nyuma mpaka ukutani, akashika chuma cha kufungulia matairi, akakizungusha. Kilimpata Lowell begani. Lowell akapiga yowe. Chuma kikaja tena, kikampata gotini, akaanguka juu ya rundo la matairi likamporomokea.

"Inuka, mlingoti!" Royce akamcheka kwa meno mekundu. "Ndiyo maana hata chuo cha kushona viatu hakikukutaka! Unalilia katuni!"

Angenyamaza hapo, pengine yangeishia pale. Lowell alitoka kwenye matairi kwa mguu mmoja, akapokea chuma mkononi, kikamvunja kidole, wala asisikie. Akaingia ndani ya mikono ya Royce, karibu kabisa, pale alipofundishwa kufanya kazi. Kiwiko cha kwanza kilikwenda tayani. Cha pili kwenye mbavu, na kitu kikalia ndani. Cha tatu kilimpata puani, na Royce akashuka chini huku akikohoa damu. Lowell hakujua ngumi za kusifiwa, alijua hayo tu, na aliyajua sana.

Akamlaza kifudifudi juu ya mashine ya kuvulia matairi, akaukamata mkono wake wa kulia, akaupinda nyuma.

"Neno la siri!"

"Siku... sikupi!"

"Royce, nauvunja!"

"Vunja!"

Akauvunja. Mlio wake ulikuwa mdogo, lakini ukelele wa Royce ulisikika mpaka barabarani.

Uchungu ule ndio uliomfungua mdomo, akasema jambo ambalo sidhani kama alikusudia kulisema maishani. "Baba alijua!" akalia. "Alijua una mikono ya kudunda mpira, Lowell! Kocha wa shule ya ng'ambo ya mto alikuja nyumbani kwetu, akala mezani petu, akamwomba: nipe yule kijana, nitamfundisha achezeshe timu. Kilitakiwa kibali chake tu, yeye kocha wako. Baba akakataa. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nasikia. Akaniambia, nikimwacha aende, atarudi kutuzika uwanjani. Nikimfundisha hapa, atachukua namba yako kwenye timu. Bora akae chini ya goli."

Lowell akauachia mkono. Akasimama anahema. Kisha akainama, akaokota kile chuma, akakiinua juu ya kichwa cha shemeji yake kwa mikono miwili, na uso wake haukuwa na hasira tena. Alikuwa ameamua kuua.

Kilichomwokoa Royce ni koleo la theluji. Carlene, mke wa Lowell na dada yake Royce, ndiye aliyekuwa akipokea wateja pale gereji. Alikuwa anasafisha njia ya mlangoni aliposikia ukelele. Aliingia, akaona, hakuuliza. Alimchapa mumewe mgongoni kwa ubapa wa koleo kwa nguvu zake zote, halafu akamchapa tena, mpaka chuma kikamtoka na yeye akalala sakafuni.

"Ni nini? Ni nini hiki?" akapiga kelele. Simu ya Royce ilikuwa chini, kioo kimejaa damu, timu iko wazi. Akaiokota, akaifuta kwa sweta, akaelewa yote. "Quarles! Mnauana kwa Quarles?"

"Dada, imebaki dakika chache," Royce akanong'ona. "Usiguse. Iache hapo hapo kwenye kudaka. Tafadhali."

"Na wewe?" Carlene akamgeukia mumewe. "Unataka nimchagulie nini huyu mtoto wenu? Sema!"

Lowell alimtazama. Alijua akisema kudunda, leo Quarles atafundishwa kudunda, na Ijumaa ijayo Royce, au mwingine mwenye timu ya kuokoa, atamrudisha chini ya goli.

"Chini kabisa kuna kitufe cha kumwachia," akasema. "Mwachie aende."

"Lowell, hapana!" Royce alijaribu kuinuka, mkono ukamlaza tena. "Hatutampata mwingine maisha yetu yote! Mtu yeyote atamchukua!"

"Najua."

"Shemeji, nisamehe, usifanye hivyo!"

"Bonyeza, mke wangu."

Carlene akabonyeza. Simu ikamwuliza kama ana hakika, akabonyeza tena, na jina likatoweka kwenye kikosi. Akamwonyesha mumewe kioo, kisha akaanza kupiga namba ya gari la wagonjwa.

"Nenda zako, mwanangu," Lowell akasema, shavu liko kwenye saruji, machozi na damu vinamtoka pamoja. "Kuna mtu huko atakupa mpira."