Mate ya Ratemo

Jembe lilivunjika Ijumaa, na kesho yake ilikuwa Sabato, kwa hiyo Onchiri alingoja hadi Jumapili ndipo akashuka kutoka Manga kwenda Kisii mjini kununua jingine. Ilikuwa Agosti 1971. Mvua ilimkuta mbele ya ukumbi wa mikutano. Bawabu, kijana aliyeitwa Nyasani, alikuwa amekaa mlangoni na kitabu cha tiketi.

"Ndani kuna nini?" Onchiri akauliza.

"Stempu na karatasi za zamani."

"Zinauzwa?"

"Nyingine zinauzwa. Nyingi zinatazamwa tu."

"Watu wanalipa kutazama stempu?"

"Mzee, ni shilingi moja, ama unyeshewe. Na ufute matope kwenye gunia hilo."

Onchiri alilipa. Ndani kulikuwa na meza zilizofunikwa vioo, na wanaume wenye tai walikuwa wameinama juu yake wakichambua karatasi kama wanawake wanaochambua punje za wimbi. Mmoja alikuwa akitafuta sahihi za machifu wa zamani. Mwingine alikuwa radhi kutoa kadi tatu za posta apate stempu moja iliyochapishwa kichwa chini. Nyuma ya meza ya nne, kwenye kiti cha mbao, alikaa Ratemo, kaka yake Onchiri, aliyefia Burma vitani mwaka wa arobaini na nne.

Alikuwa na shati lake la jeshi. Umri wake ulikuwa uleule, miaka ishirini na miwili. Onchiri, mdogo wake, sasa alikuwa na mvi.

"Umezeeka," Ratemo akasema.

"Nimelima."

"Mke wangu Kemuma yuko?"

"Yuko. Kifua kinamsumbua."

Ratemo hakuwa peke yake. Karibu kila meza yenye bahasha za kale ilikuwa na marehemu wake, na waandalizi walikuwa wamelalamika kwa sababu moja tu, kwamba viti havikutosha.

Bahasha yenyewe ilikuwa chini ya kioo, na muhuri mwekundu wa mkaguzi wa barua za jeshi. Onchiri aliikumbuka. Mwaka wa sitini na moja, Bwana Alfayo Mogire, mtu wa Kenyenya aliyekuwa na kazi kubwa Nairobi, alisimama kanisani baada ya ibada akaomba bahasha kuukuu ambazo watu hawazihitaji. Onchiri aliitoa barua ya mwisho ya kaka yake, akaikunja, akairudisha kwenye sanduku la Kemuma. Bahasha akampa Mogire bure. Kwake ilikuwa ganda la ndizi.

"Lakini barua tunayo," Onchiri akamwambia Ratemo. "Tumeitunza. Mchungaji ameisoma hadi imechanika."

"Ile aliandika karani wa kikosi," Ratemo akasema. "Hata maneno alichagua yeye. Mimi nililamba bahasha tu."

Onchiri alimwendea Bwana Mogire, aliyekuwa akifuta kioo kwa leso.

"Bwana Mogire, nimekuja kumchukua kaka yangu."

"Mchukue, mzee. Sijamzuia."

"Basi nipe bahasha."

"Hiyo hapana. Muhuri kama huo sijauona mwingine nchi nzima. Nimeitunza miaka kumi. Ninyi mngewashia moto."

Hilo lilikuwa kweli. Onchiri alimshika kaka yake mkono, ukiwa baridi kama jiwe la mtoni, wakaenda pamoja hadi mlangoni. Hapo miguu ya Ratemo iligeuka yenyewe ikamrudisha kitini. Walijaribu tena. Nyasani akawaomba wasizibe njia.

Onchiri alipokuwa akiondoka, Mogire alimpa kikaratasi chenye anwani yake. Alikuwa ameanza kukusanya mihuri ya posta za vijijini, akakosa ya Kebirigo. "Nitumie bahasha moja tu," akasema. "Muhuri usomeke."

Kemuma alikuwa kando ya moto wakati Onchiri alipomweleza. Alikuwa ameishi na Ratemo mwezi mmoja kabla vita havijamchukua. Baadaye wazee walitaka aingie nyumba ya Onchiri, akakataa, na Onchiri hakumlazimisha. Alimjengea ya peke yake, akamlimia shamba.

"Amekonda?" Kemuma akauliza.

"Yuko vilevile."

"Nipeleke, shemeji."

"Maonyesho yamekwisha. Wanarudi Agosti ijayo."

Kemuma akakohoa mpaka Persis, mke wa Onchiri, akaja kumshika mgongo. Hospitali ilikuwa imeshasema kwamba hafiki Agosti.

"Huyo Mogire anataka bahasha ya Kebirigo," Kemuma akasema alipopata pumzi. "Nunua."

"Ndani tuweke nini?"

"Kwani yeye anasoma?"

Persis alimletea maji kwanza, kwa sababu midomo ilikuwa imekauka. Kemuma aliilamba bahasha polepole, kutoka pembe hadi pembe, akalamba na stempu. Karani wa posta ya Kebirigo, Aloo, aliombwa agonge muhuri vizuri, akasema yeye hugonga vizuri siku zote.

Kemuma alifariki mwezi wa Machi. Walimzika Manga, chini ya migomba yake, na waliobeba jeneza walisema lilikuwa jepesi. Hata hivyo Onchiri alifukia kaburi, kwa sababu watu walikuwa wametoka mbali na mchungaji alikuwa na haraka.

Agosti alishuka tena mjini akalipa shilingi yake. Mogire alikuwa ameshinda zawadi ya pili, na meza yake sasa ilizungushiwa kamba. Ng'ambo ya kamba Ratemo alikuwa amekaa na Kemuma pembeni yake. Mwanamke alionekana kama mama wa mumewe. Hakuwa akikohoa.

"Kaa wima," alikuwa akimwambia. "Nani alikufundisha kukaa hivyo?"

"Jeshi."

Alipomwona Onchiri akainua mkono. "Shemeji! Maharagwe yamepaliliwa?"

"Bado. Mgongo."

"Persis je?"

"Anawasalimu."

Onchiri alitaka kukaribia, lakini Mogire akamwonyesha kamba. "Ile ya Kebirigo imetoka safi kabisa, mzee. Unaweza kunipatia nyingine?"

Saa kumi na moja Mogire alifunga albamu zake, akazibeba hadi kwenye gari, akazilaza kiti cha mbele na kuzifunika kwa koti. Ratemo na Kemuma wakamfuata. Waliingia nyuma, Kemuma akimsogeza mumewe kwa kiwiko apate nafasi ya magoti. Safari ya Nairobi ilikuwa ndefu. Onchiri aliwafungia mlango, ukakataa kushika, akaufungua, akaufunga tena kwa nguvu.

"Polepole na mlango," Bwana Mogire akasema.