Bwana Mkubwa Kasingiziwa

Wifi yangu akiingia nyumbani kwa mama, salamu yake ya kwanza ni kuziba pua. Hajaamkia, hajaketi, kiganja kimeshafika puani. Siku hiyo alikwenda na kufungua dirisha kabisa, akamgeukia mumewe, yaani kaka yangu, akasema mama akisikia, "Humu mtu haishi. Mpelekeni kwenye nyumba ya wazee, kule kuna watu wa kumwangalia."

Mama alikuwa kwenye kochi lake, paka mapajani. Paka huyo tulimwita Bwana Mkubwa, maana tangu baba afariki yeye ndiye aliyelala upande wa baba kitandani, na ukimsogeza anakukodolea macho kama mwenye nyumba. Mama akampiga kikofi cha uongo kichwani.

"Ni huyu," alisema. "Ananiaibisha huyu. Kazi yake kukojoa tu."

"Mmesikia?" nikadakia. "Ni paka. Na mkojo wa paka ndio kazi yangu. Nipeni mpaka Jumapili. Harufu ikiisha, mama haendi popote."

Kaka akakubali, shingo upande. "Lakini Jumapili nikinusa chochote, dada, tunafunga mizigo."

Mimi nasafisha makochi na mazulia ya watu. Wenye mbwa, wenye paka, wenye watoto, wote wanaijua ndoo yangu. Doa bichi halisuguliwi, unalibonyeza kwa kitambaa mpaka kitambaa kilinywe. Maji ya moto marufuku, yanaupika mkojo ukashika nyuzi usitoke tena. Unaweka siki iliyochanganywa na maji, halafu magadi ya unga, halafu unasubiri. Wateja hawapendi hapo pa kusubiri.

Basi wao walipoondoka, mama akiwa barazani na paka wake, nikafunga mapazia, nikawasha kurunzi yangu ya mwanga wa zambarau, ile inayofanya mkojo mkavu ung'ae hata pale ambapo jicho halioni kitu. Jamani! Paka dume hurushia pembeni: miguu ya meza, kona za ukuta, nyuma ya mlango. Huko kote kulikuwa safi. Mng'ao ulikuwa katikati ya kochi, pale mama anapokaa, na kwenye godoro, upande wake. Halafu kulikuwa na matone. Yalitoka chumbani, yakafuata ukumbi, yakaelekea chooni, yakaishia kwenye doa kubwa karibu kabisa na mlango wa choo.

Mtu wa kazi yangu akiona hivyo hahitaji kuelezwa. Nami nikajitia hamnazo. Nilizima kurunzi nikasema kwa sauti, peke yangu kama mwehu, "Paka mshenzi huyu!" Sasa ningefanyaje? Nimlete kaka aone matone yale? Paka ndiye aliyekuwa anambakiza mama nyumbani kwake.

Sikujua kwamba neno langu lingenirudia. Kaka alipiga simu akauliza kwa upole tu, "Kama ni paka, mbona bado yumo humo? Wewe unasafisha, yeye anachafua. Mwondoe."

Nimeshaapa kwamba ni paka, nitakataaje kumwondoa paka? Na nikwambie kweli, wakati ule nilikuwa nimeshaanza kuuamini uongo wangu. Nilijiambia huenda akiondoka, na mengine yote yataondoka. Nikampigia mteja wangu mmoja mwenye stoo iliyojaa panya.

Nilidhani mama angelia, angening'ang'ania. Wapi! Alinishikia kikapu mwenyewe, akamkunja Bwana Mkubwa miguu taratibu ili asiumie, akafunga kifuniko. Kisha akaniangalia.

"Na sasa itakuwaje?" aliuliza.

"Atakula panya, mama, atanenepa." Nilidhani anauliza habari za paka.

Nilifanya kazi mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Kochi nililitoa barazani likapigwa jua, mito nikaivua foronya, sakafu nikaipitia nimepiga magoti, pua chini, kipande kwa kipande. Jumapili asubuhi nyumba haikunuka kitu. Siyo siki, siyo sabuni, hewa tupu. Mama alivaa gauni lake la kutokea.

Wifi akaingia, kiganja tayari. Akavuta pumzi kidogo, kama mtu anayeonja mboga ya moto. Akavuta tena. Akashusha mkono.

"Dada, una mikono ya ajabu," kaka alisema, akakaa karibu na mama. Nilitamani kuruka. Tulikunywa chai. Kaka akaanza kumwigiza baba alivyokuwa akikoroma, mpaka vikombe vinatikisika kabatini, na mama akacheka. Alicheka kwa nguvu, kichwa nyuma; nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo miaka mingi.

Kisha akaacha ghafla.

Gauni lilikuwa la rangi hafifu. Sote tuliona. Doa likatambaa kwenye kochi langu safi, likadondoka sakafuni tone moja moja, na mkono wa mama ukashuka mapajani ukitafuta manyoya, ukakosa, ukaenda kando ya kochi, ukakosa tena.

"Huyu paka..." alisema.

"Mama," kaka alisema polepole. "Paka hayupo."

"Ni maji yangu!" nilipayuka. "Kochi halijakauka, ni mimi nimeharakisha!" Wifi hakuziba pua. Aliinamisha macho akatazama vidole vya miguu yake, na afadhali angeziba pua, kwa maana huruma yake ilinichoma kuliko dharau zake zote.

Nikachukua kitambaa nikapiga magoti mbele ya mama. Bonyeza, usisugue. Bonyeza, usisugue. Mama akaniinamia mpaka nikahisi pumzi yake sikioni.

"Ungeniachia paka wangu, mwanangu," alisema. "Ndiye aliyekuwa ananisitiri."

Kaka alikuwa ameshaingia chumbani. Nilisikia akilishusha sanduku kutoka juu ya kabati.