Keki ya Boga na Bibi Hewa

Nisikilizeni, mimi sina ugomvi na boga. Ugomvi wangu ni na Irene.

Irene ana mgahawa Tottenham, hatua chache kutoka stesheni ya Seven Sisters, na mimi ndiye mwokaji wake, mwaka wa nne huu. Oktoba ikiingia, baridi ikianza kuuma masikio, wateja hawataki tena maandazi. Wanataka keki ya boga. Naipika mwenyewe. Natafuta boga dogo lenye ganda gumu, si yale makubwa ambayo Wazungu huyachonga sura kwa mapambo, yanayorundikwa nje ya supamaketi. Yale ni maji matupu. Nalipika, nalifunga kwenye kitambaa, nalining'iniza juu ya sinki mpaka maji yote yatoke. Halafu tui zito, iliki, tangawizi mbichi, sukari guru. Ikiwa kwenye oveni, vioo vya mgahawa vinajaa mvuke na watu wa kituo cha basi wanaingia wenyewe, pua mbele. Hapo huwa nasahau hata miguu inavyoniuma.

Keki hiyo ni ya mama yangu. Alikuwa akiioka kwenye sufuria, kwetu Karagwe, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Mama yupo hai, ana simu, ana WhatsApp, na ana mdomo.

Basi mwaka jana Irene akajirekodi video. "Hii keki," akasema, mkono kifuani, "ni ya bibi yangu mzaa mama. Alinifundisha nikiwa mdogo." Bibi gani, jamani? Irene kazaliwa mjini, Upanga, na huyo bibi alifariki kabla yeye hajazaliwa. Kaniambia mwenyewe, kwa mdomo wake! Tumezoea kusikia wafanyakazi hewa, Irene akatuletea bibi hewa.

Video ikafika Karagwe. Mama akanipigia.

"Eufrasia, hivi siku hizi nimekuwa bibi yake nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi sikusoma, mwanangu, wala sina shamba la maana. Watu wananijua kwa keki hiyo." Akakata simu.

Nilimwendea Irene. Akanipapasa bega: "Eufra mdogo wangu, hiyo ni biashara tu. Wateja wanapenda mambo ya bibi." Nikameza. Nimemeza mwaka mzima, na hasira ikimezwa haiyeyuki, inakaa hapa kooni.

Jumamosi iliyopita akaja Nishma, dada wa Kigujarati aliyekulia Nairobi, siku hizi anakaa Ilford. Ana chaneli ya mapishi kwa Kiswahili, watu wanaifuata mpaka vijijini. Alitaka kumrekodi Irene akioka kwa mikono yake mwenyewe. Irene, ambaye hajawahi hata kumenya boga, akanitumia ujumbe nikiwa bado kwenye basi: "Boga nimeshachemsha. Maji yake je?"

Nikamjibu: "Usiyaache."

Anayelijua boga angeelewa: usiyaache humo, yachuje. Irene akaelewa: usiyaache, yatie yote. Naingia jikoni, namkuta mbele ya kamera anamimina maji ya boga kwenye unga, jagi zima, huku anatabasamu.

Ningeweza kusema. Wallahi mdomo ulishafunguka. Ndipo Nishma akamuuliza, "Na kupika malenge hivi, ulifunzwa na nani?"

Irene, mkono kifuani: "Na bibi yangu."

Nikaufunga mdomo. Nikavaa aproni yangu, nikaegemea friji. Potelea mbali, nikajisemea, bibi yako na aje akuchujie.

Dakika hamsini baadaye keki ikatoka imebonyea katikati. Nishma akachomeka kisu, kikatoka kimejaa urojo.

"Woi," akasema, "hii mbona ni uji?"

Kamera bado inarekodi. Irene akageuka, macho yakanipata pale kwenye friji, akaninyooshea kidole.

"Muulize huyo! Keki ni yake! Nimefuata alivyoniambia. Ni keki ya mama yake huko Karagwe, mimi hata sijui wanavyoipika!"

Jamani, mwaka mzima keki ikiwa tamu ni ya bibi yake. Leo imeharibika, ndiyo imekuwa ya mama yangu! Mama yangu mzazi! Nishma kwa aibu akanyoosha mkono azime kamera, nikamshika.

"Usizime, dada. Iache hivyo hivyo." Nikamgeukia Irene. "Rudia, dada Irene. Keki ya mama yangu nani? Ana jina."

Jina analijua, nimemtajia mara mia. Aliangalia mlango, akaangalia kamera, akaiangalia ile keki. Huko mbele mteja alikuwa anagonga kaunta na hakuna aliyekwenda kumhudumia. Mimi nikangoja, mikono kiunoni. Nilikuwa tayari kungoja mpaka Krismasi.

Mwishowe akasema, chini chini, macho sakafuni: "Generosa."

"Paza sauti," nikamwambia. "Mama yangu hasikii vizuri."