Kiapo cha Olinda wa Mpapura

Olinda alikuwa barazani kwake Mpapura anabangua korosho, vidole vimebabuka kwa utomvu wa maganda, shemeji yake Eusebio alipomletea wito wa baraza la ardhi. Eusebio alilitaka shamba la marehemu kaka yake, mume wa Olinda. Alidai Olinda alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, na mgeni hamiliki ardhi. Eusebio mwenyewe alizaliwa ng'ambo, ila alikuwa na kitambulisho.

Olinda hakumudu kumlipa wakili. Akaandika hati ya kiapo mwenyewe: "Naapa kwamba nilizaliwa Mpapura, alfajiri, mvua ikinyesha."

Mama yake, Neusa, aliyefariki zamani na ambaye huja kila alasiri kumsaidia kubangua, alimsikiliza akisoma.

"Futa, mwanangu. Hayo uliyaona?"

"Si uliniambia wewe?"

"Basi andika hivyo. Ukiapia usichokijua, watakukamatia hapohapo."

Olinda akaandika upya. Yale anayoyajua akayaweka peke yake. Yale aliyoambiwa akayaweka kando, akamtaja mama yake kwa jina.

Mjini, karani aitwaye Magreth aliisoma hati.

"Huyu Neusa yuko wapi?"

"Huyu hapa."

Magreth alimtazama Neusa, udongo umemganda kichwani. "Kitambulisho?"

"Amekufa," Olinda akasema.

"Cheti cha kifo?"

Hawakuwa nacho.

"Basi hajafa. Na kama hajafa, kitambulisho kiko wapi? Msogeze kule, ananichafulia sakafu."

Hata hivyo Olinda aliapishwa, muhuri ukagongwa.

Siku ya shauri, mwenyekiti wa baraza alisema hati haina kasoro. Kisha akamuuliza Neusa ana uthibitisho gani kwamba yeye ni raia.

"Nimezikwa pale shambani," Neusa akajibu.

Eusebio akacheka. "Shemeji, hata maiti zako ni za wageni."

Wajumbe nao wakacheka. Shamba akapewa Eusebio, na kaburi likaamriwa liondolewe.

Eusebio hakungoja liondolewe. Alilima juu yake wiki ileile, akapanda mihogo.

Olinda akapanga chumba mjini, mtaa wa Chuno. Neusa akaja naye, kwa kuwa hakuwa na pa kulala. Mwenye nyumba, Bi Safina, aliwapokea mlangoni, mikono kiunoni. Alisema yeye hawakatai wafu, mradi wasiguse bomba wala wasikae uani watu wakiwaona.

Olinda alifungua mdomo amjibu. Neusa akamshika mkono, akamwambia Bi Safina ahsante, akaingia ndani.